Mwongozo: Kupiga filamu ya vichekesho ya watu wa vituko kwa simu, kuanzia daftari hadi turubai

Nina simu tu, itatosha? Nianze na skripti au na waigizaji? Mbona sini ilituvunja mbavu siku ya kupiga, halafu watu walipoiona kwenye skrini wakabaki kimya? Maswali haya yananifikia karibu kila wiki kutoka kwa vijana wanaoanza. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona afadhali niyaandike mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa aina moja ya filamu: ndogo, ya kujitegemea, isiyo na kampuni nyuma yake, inayohusu watu wa vituko. Unawajua, kila mtaa unao. Yule mzee anayevaa suti kamili na tai kwenda kuchota maji. Yule dada mwenye bata saba, kila bata na jina la mkoa. Yule kijana aliyeondolewa kwenye kwaya tatu na bado anaimba sauti ya pili bafuni, alfajiri, madirisha wazi. Ukipita haraka utasema hawa hawajatulia. Ukikaa nao saa moja hutaki kuondoka.

Shika neno moja kabla ya yote: mtu wa vituko hajui kwamba anachekesha. Kwake, bata wale ni jambo zito. Kamera ikimwangalia kwa heshima, watazamaji watacheka na watampenda. Ikimwangalia kwa dhihaka, watacheka dakika 2 kisha watachoka naye, na wewe pia. Karibu kila kosa nitakalolitaja huko chini linatokana na kulisahau hili.

Mifano mingi nitaitoa kwenye filamu fupi ya dakika 14 tuliyoipiga Temeke, Dar es Salaam, inayohusu kundi la matarumbeta la watu wanne ambalo hakuna mtu aliyewahi kulialika harusini.

Kabla hujaanza

Hakikisha una hivi:

- Simu 1 yenye kamera nzuri ya nyuma. Wanaodharau simu waambie filamu ya Tangerine ya Sean Baker ilioneshwa kwenye tamasha kubwa la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2015, na ilipigwa kwa iPhone 5s.
- Nafasi tupu kwenye simu, angalau GB 64. Dakika 10 za 4K, yaani picha ya ukali wa juu sana, zinaweza kula GB 2 hadi 4. Kama simu yako ni ndogo, piga HD Kamili, hakuna atakayekulaumu.
- Stendi ya miguu mitatu. Hii usiiruke, nitaeleza kwa nini.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, au simu ya pili ya kurekodia sauti.
- Pawabenki 2 zilizojaa na waya wa ziada wa kuchaji.
- Laptopu au diski ya nje ya kuhifadhia nakala.
- Shuka jeupe, na kifuniko cheupe cha boksi la kuhifadhia samaki. Hizo ndizo taa zako.
- Watu 5 wasioigiza: mwongozaji, wa kamera, wa sauti, wa kuandika mwendelezo (nani alivaa nini na kitu gani kilikuwa wapi kila sini) na kushika saa, na mmoja wa chakula na majirani. Huyu wa mwisho mchague kwa makini kuliko wote. Awe mtu anayejua kusalimia.
- Pesa ya chakula na nauli kwa kila mtu, kwa kila siku. Ukikosa pesa ya kuwalipa, eleza mapema. Ukikosa pesa ya chakula, ahirisha.

Hatua ya 1: Tafuta watu, hadithi itafuata

Keti mahali watu wanapopita: kijiwe cha kahawa, kituo cha daladala, saluni, foleni ya maji. Beba daftari. Usiandike vichekesho, andika tabia. Muuza kahawa anayempangia kila mteja kikombe chake na kununa ukishika cha mwenzio. Fundi cherehani anayekataa kushona kitambaa mpaka umweleze unakwenda nacho wapi. Ukifikisha tabia 30, chagua 4.

Changanya. Chukua suti ya huyu na bata wa yule, mwingine mpe kazi ya jirani wa tatu. Mtu akijitambua kwenye filamu bila kuulizwa ataumia, na ana haki ya kuumia.

Sisi tulipata hawa. Mzee Kibwana, karani mstaafu wa reli, ambaye bado anaishi kwa ratiba ya treni. Zuhura, muuza vitumbua na mpiga ngoma, anayehesabu mapigo kwa oda za wateja: "viwili vya Mama Asha, vinne vya shule." Chidi, mpiga tarumbeta anayejua wimbo mmoja tu, lakini anaupiga vizuri ajabu. Na Pili, aliyerithi tuba la marehemu babu yake na hajalipuliza hata siku moja, kwa sababu anaamini pumzi ya babu bado imo ndani.

Angalizo: usifanye mwili wa mtu kuwa kichekesho. Kigugumizi, unene, ufupi, ualbino, ugonjwa wa akili, lafudhi ya kabila fulani; haya yamechekwa vya kutosha kwenye vichekesho vyetu na yamewaumiza watu wa kweli. Mwenye kigugumizi anaweza kuwa mhusika wako mkuu, na ningependa sana kumwona. Ila achekeshe kwa analolitaka na anavyolihangaikia. Ulimi wake uache upumzike.

Hatua ya 2: Wape jambo moja dogo wanalolitaka kufa na kupona

Dogo kabisa. Kundi letu linataka kualikwa harusi moja. Halitafuti ubingwa wala safari ya Ulaya. Harusi moja, Jumamosi, Mbagala.

Kisha angalia kila tabia uliyoiandika na ujiulize inazuiaje jambo hilo. Mzee hataki kuanza kabla ya saa iliyoandikwa. Chidi atapiga wimbo ule ule maharusi wakiingia, wakikata keki, mpaka wakipewa zawadi. Pili hapulizi. Hapo tayari una filamu. Mwishoni tabia hizo hizo ndizo ziwaokoe. Nadharia ya skripti ni hiyo tu, ukihitaji zaidi utaisoma baada ya filamu ya kwanza.

Hatua ya 3: Andika kwa ulivyonavyo

Andika orodha ya kila kitu unachoweza kupata bure: nyumba ya shangazi, bajaji ya rafiki, genge, uwanja wa shule wakati wa likizo. Skripti isitoke nje ya orodha hiyo.

Upungufu uutie ndani ya hadithi. Kevin Smith alipotengeneza Clerks, iliyotoka 1994 kwa bajeti ya dola 27,575, alitumia duka alilokuwa anafanyia kazi huko New Jersey. Mchana duka lilikuwa na wateja, kwa hiyo aliweza kupiga usiku tu. Lakini hadithi yake ilitokea mchana. Akaandika kwamba mtu amebandika ubani wa kutafuna kwenye kufuli na milango ya chuma haifunguki. Milango ikabaki imefungwa filamu nzima, giza la nje halikuonekana, na jambo lenyewe likawa kichekesho. Sisi hatukuwa na gari la kubebea kundi, lile pikapu la matarumbeta mnalolijua. Tukaandika kwamba wanafika harusini kwa daladala, tuba limekatiwa nauli yake na limekaa dirishani. Sini hiyo ndiyo watu wanayoitaja zaidi mpaka leo.

Ukurasa 1 wa skripti iliyopangwa vizuri ni takriban dakika 1 ya filamu. Kwa mara ya kwanza andika kurasa 10 hadi 15, usizidishe. Najua unataka filamu ndefu. Jared Hess alianza na filamu fupi ya rangi nyeusi na nyeupe, Peluca, akiwa mwanafunzi wa chuo. Kutokana nayo ikazaliwa filamu yake ndefu, Napoleon Dynamite, iliyooneshwa Sundance mwaka 2004 na kupigwa Preston, mji mdogo wa Idaho alikosomea sekondari. Filamu fupi ilimjulisha mhusika wake kabla ya kutumia pesa nyingi.

Maneno yaandike kama watu wanavyosema. Soma kwa sauti. Mhusika akieleza kwamba yeye ni wa ajabu, futa sentensi hiyo.

Hatua ya 4: Vibali na ridhaa

Sehemu hii haifurahishi lakini ndiyo inayowakwamisha wengi. Tanzania Bara, filamu inasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976: unahitaji kibali cha kupiga, na filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuoneshwa hadharani. Zanzibar nenda Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kenya, kuainisha filamu ni kazi ya bodi yao, KFCB. Uliza ada na fomu kwao wenyewe, maana hubadilika, na usimtegemee mtu anayesema "mimi najuana nao".

Baada ya hapo nenda serikali ya mtaa, umwone mwenyekiti, umweleze siku na saa. Kisha mjumbe. Kisha nyumba mbili za kila upande. Droni usirushe bila kibali chake maalumu.

Kila mwigizaji asaini karatasi moja: jina, siku za kazi, malipo au makubaliano ya kutolipwa, na ruhusa ya kutumia picha na sauti yake. Mtoto asainiwe na mzazi. Hata ndugu yako wa damu mpe karatasi, filamu ikipata pesa utanishukuru.

Hatua ya 5: Chagua waigizaji wasiojaribu kuchekesha

Ukiita watu waje kujaribiwa, yule anayewachekesha wote pale nje mlangoni mara nyingi siye unayemtafuta. Mpe kila mmoja kazi ya kawaida: akunje shuka huku akikueleza jinsi alivyopoteza kitu alichokipenda. Anayezama kwenye shuka na kwenye kitu chake, huyo mchukue.

Marehemu Amri Athumani, King Majuto, alituchekesha miaka mingi kwa sababu kila shida aliyoigiza aliibeba kama yake. Akidaiwa, alidaiwa kweli. Kule Kenya marehemu Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi alikuwa hivyo hivyo. Waangalie tena bila kucheka, uangalie macho yao tu.

Someni skripti nzima pamoja mara 2 kabla ya kupiga. Wa mwendelezo ashike saa na aandike mahali watu walipocheka bila kulazimishwa. Pale palipochekwa siku hiyo, usipabadilishe tena hata ukipachoka.

Hatua ya 6: Jua, kelele na ratiba

Dar jua la saa 6 mchana linasimama utosini, kivuli kinaingia machoni na nyuso zinakuwa na mashimo. Sini za nje zipige kati ya saa 12:30 na saa 3:30 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni. Mchana pigeni za ndani, karibu na dirisha. Ukilazimika kupiga nje mchana, tandaza shuka jeupe juu ya mwigizaji, wawili walishike, na kifuniko cha boksi kirudishe mwanga kutoka chini.

Nenda kwenye lokesheni siku 2 kabla, saa ile ile mtakayopiga, ufumbe macho dakika 5. Utasikia ambacho hukukiona: mashine ya kusaga, jenereta la jirani, kunguru, muuza maji, shule inayotoka saa 8. Panga ratiba kwa kufuata sauti hizo, na saa za adhana ziache wazi kabisa, mpumzike.

Kurasa 4 kwa siku ni kazi ya kutosha. Panga sini za mahali pamoja siku moja hata kama kwenye hadithi ziko mbalimbali.

Hatua ya 7: Weka simu sawa

1. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Kila siku, kila baada ya mapumziko.
2. Weka hali ya ndege, simu isije ikaita katikati.
3. Zima urembo wa uso na vichujio vyote.
4. Simu ilale, usiisimamishe.
5. Chagua fremu (picha) 25 kwa sekunde, na kama programu inaruhusu, kasi ya shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni Hz 50; ukitumia 30, taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakupa mamlaka hayo yote.
6. Gusa uso wa mwigizaji kwenye skrini na ushikilie mpaka ukali na mwanga vifunge. Usipofunga, picha itang'aa na kufifia kila mtu anapopita.
7. Usikuze kwa vidole. Ukitaka karibu, sogeza stendi.

Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe inakuwa kivuli tu, kwa sababu simu inapima ukuta. Mtoe mwigizaji ukutani, mgeuze uso kwenye mwanga, na mafuta kidogo ya nazi kwenye paji la uso na mashavuni yatasaidia mwanga ushike.

Hatua ya 8: Piga sini ya kuchekesha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo filamu inapofia.

Chukua sini yetu ya getini. Kundi limefika harusini. Mapatano ni kuanza saa 8 kamili. Sasa ni saa 7:52. Bi harusi ameshashuka kwenye gari, wageni wamesimama, mama wa bi harusi anawapungia kundi waanze. Mzee Kibwana anatazama saa yake, anainua kidole kimoja, na anasubiri. Dakika 8. Harusi nzima inasubiri naye, na hakuna anayethubutu kumuuliza, kwa sababu amesimama wima kama mtu anayeshikilia treni yenye abiria mia sita.

Tuliipiga hivi:

1. Shoti moja pana, simu kwenye stendi haitikisiki, Mzee katikati kabisa, harusi nyuma yake. Tukaiacha sekunde 25. Wa kamera alitaka kukata baada ya 6, nikamshika bega. Kicheko kinakuja pale mtazamaji anapogundua kwamba kweli hatuondoki hapa. Ndiyo maana nilisema stendi usiiruke: kamera iliyotulia inampa mtu wa vituko heshima, na inakupa utulivu wa kusubiri.
2. Kisha uso wa mama wa bi harusi. Mdomo ulishafunguka kupiga kigelegele. Anaufunga polepole, anaufungua tena kidogo, anaufunga. Basi. Anayepokea jambo huchekesha kuliko anayelifanya, kwa hiyo kila sini hakikisha umempiga anayetazama.
3. Mwisho, mkono wa Mzee ukitetemeka kidogo. Hiki hakikuwa kwenye skripti. Mwigizaji wetu alichoka kweli kushikilia kidole, na mtetemeko huo ndio uliowafanya watu wampende. Usizime kamera mara tu sini inapokwisha, hesabu hadi 5 kimya.

Rudia kila shoti mara 3: moja kama ilivyoandikwa, moja taratibu zaidi, na moja ukimwambia mwigizaji apunguze kila kitu nusu. Mara nyingi ya tatu ndiyo itakayokaa kwenye filamu.

Makosa ninayoyaona kila mara:

Mwigizaji anatoa macho na kuvuta midomo. Usimwambie "usizidishe", ataganda. Mpe kazi ya mikono: afunge kamba za viatu, ahesabu chenji.

Wafanyakazi wanacheka nyuma ya kamera. Inaharibu sauti, na mwigizaji anaanza kuwaigizia nyinyi. Anayeshindwa kujizuia aume leso au atoke nje.

Mwongozaji anaonesha kichekesho kabla ya wakati. Ungeanza na saa ya Mzee kwa karibu, mtazamaji angejua kila kitu na angebaki kusubiri tu pamoja nanyi, bila mshangao.

Hatua ya 9: Sauti

Watu husamehe picha mbaya. Sauti mbaya hawasamehe.

Maiki ibanwe chini ya kola au ndani ya ukingo wa khanga, kitambaa kisisuguane nayo. Kama huna, simu ya pili iingie mfuko wa shati ikiwa inarekodi. Mwanzo wa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalokuunganishia picha na sauti baadaye. Kila lokesheni rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho, watu wote wakiwa ndani. Utazihitaji kuziba mapengo.

Zima feni na friji. Na ukizima friji, weka funguo za nyumbani kwako ndani yake, hutaweza kuondoka bila kulifungua na kukumbuka kuliwasha. Nalisema hili kwa uchungu. Siku yetu ya kwanza tulilisahau friji la shangazi wa rafiki yangu likiwa limezimwa usiku kucha, kilo 4 za samaki zikaoza. Mama wa watu alikuwa ametupa sebule yake bure. Tulimnunulia wengine, lakini uso wake asubuhi ile sijausahau.

Hatua ya 10: Kila jioni, nakala 2

Kabla ya kula. Nakala moja kwenye laptopu, nyingine kwenye diski, zifungue kuona kama zinacheza, ndipo ufute kwenye simu. Wa mwendelezo apige picha za mavazi, nywele na vitu vya mezani mwisho wa kila sini. Kofia ikihama kichwa katikati ya mazungumzo, mtazamaji ataangalia kofia.

Hatua ya 11: Hariri

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa kompyuta, CapCut inatosha kwenye simu. Panga sini zote kwanza bila muziki, bila rangi. Iache siku 3, rudi, ukate. Tulianza na dakika 23, tukabaki na 14.

Kichekesho kinaishi kwenye fremu chache. Sini isipochekesha, jaribu kukata fremu 5 mapema zaidi, kisha 5 baadaye zaidi, kabla ya kuitupa. Usiweke milio ya kuchekesha wala vicheko vya kurekodiwa. Najua tumeizoea. Mlio unamwambia mtazamaji kwamba wewe mwenyewe humwamini Mzee Kibwana.

Muziki usiokuwa wako usiuguse bila ruhusa ya maandishi, hata wa msanii wa mtaani kwenu. Tafuta mpiga gitaa au kinanda, mwoneshe filamu, arekodi palepale. Kazi yako nayo isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania.

Hatua ya 12: Ioneshe

Anza mtaani ulikoipigia, shuka ukutani, projekta ya kukodi, viti vya msibani. Kaa nyuma, usitazame filamu, watazame watu. Andika dakika walizocheka na dakika walizoshika simu, rudi ukahariri tena.

Baada ya hapo weka manukuu ya Kiingereza (maneno chini ya picha) na utume kwenye matamasha. Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lipo tangu miaka ya 1990 na limeonesha filamu nyingi Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Soma masharti kabla ya kuiweka YouTube, kwa kuwa baadhi ya matamasha hayapokei filamu ambayo tayari iko wazi mtandaoni.

Mambo yakikwama

*Hakuna anayecheka.* Angalia kama mtazamaji anajua mhusika anataka nini. Tisa kwa kumi, hajui. Ongeza sini moja fupi mwanzoni inayoonesha anavyolitaka. Kwetu ilikuwa Zuhura akipiga ngoma juu ya kikaango kitupu baada ya wateja kuondoka, sekunde 12 tu, na nusu ya pili ya filamu ikafufuka.

*Wanacheka, lakini wanamcheka.* Mpe mhusika ustadi. Chidi alionekana mjinga mpaka tulipoacha wimbo wake ule mmoja uchezwe wote bila kukatwa.

*Taa zinapepesa.* Rudi kwenye fremu 25 na 1/50. Ikiendelea, zima taa hiyo, tumia dirisha.

*Sauti ina upepo.* Funga maiki kwa kipande cha sponji au soksi ya sufu. Kwa iliyokwisha haribika, waite waigizaji warudie maneno chumbani chini ya blanketi.

*Mvua inapiga bati.* Msibishane nayo. Pigeni sini zisizo na maneno, au wahusika wapaze sauti kwa sababu ya mvua.

*Jirani amekuja na hasira katikati ya shoti.* Simamisheni kazi, kila mtu anyamaze, yule mtu wa kusalimia aende peke yake. Mwongozaji asiende.

*Mwigizaji mkuu ameondoka kabla hamjamaliza.* Aliyekuwa Chidi wetu alipata kazi Mwanza siku ya tatu, na hatukuweza kumzuia, alikuwa na familia. Tukaandika kwamba Chidi amejifungia ndani akijifunza wimbo wa pili. Wenzake wanazungumza naye kupitia mlango, yeye anajibu kwa tarumbeta tu. Alijirekodi huko huko Mwanza usiku, akatutumia kwa WhatsApp, tukaipunguza sauti kidogo ili isikike kama inapita kwenye ubao. Noti ya nne aliikosea, akaanza upya. Tumeiacha hivyo.